"Mutoto Wangu": Abeti Masikini na Kiswahili chetu kwenye santuri

Mwaka jana nilifanya mazoezi ya kufundisha katika shule moja ya msingi mjini Beni. Siku ya tatu mwalimu wa darasa la pili alinikabidhi madaftari nisahihishe. Watoto walikuwa wametunga sentensi fupi juu ya nyumbani kwao, na karibu katika kila daftari nilikuta neno lilelile: "mutoto". Nikashika kalamu nyekundu, nikaikata ile "u" kila nilipoiona. Kesho yake wakanakili upya: mtoto, mtoto, mtoto, safi kabisa. Kisha nikamwinua msichana mmoja asome kwa sauti. Alishika daftari lake, ambalo sasa halikuwa na kosa hata moja, akasoma: "Mutoto anakula." Hakuna aliyecheka, maana wote wangesoma hivyo. Mimi mwenyewe, nisipojikaza, nasoma hivyo.

Wiki chache baadaye nilikuwa Butembo, kwa mama mkubwa wangu anayeuza vitenge sokoni. Simu yake ilikuwa inapiga wimbo wa zamani, sauti ya mwanamke, kubwa, yenye nguvu. Nikamwuliza ni nani anayeimba. Akanitazama kwa mshangao. "Unasoma luga, na haujue Abeti?" Nikachukua simu nione jina la wimbo. Kwenye kioo kulikuwa kumeandikwa: Mutoto Wangu.

Tangu siku hiyo nimekuwa nikimfuatilia Abeti Masikini, na makala haya ni matunda ya ufuatiliaji huo. Maisha yake yamesimuliwa na wengi, hasa kwa Kifaransa, kama habari ya nyota aliyetoka Kongo akapanda majukwaa makubwa ya dunia. Mimi nataka kuyasoma kwa jicho la mwanafunzi wa isimu, nikiuliza swali moja: aliimba kwa lugha gani, lini, na kwa nini? Jibu, naona, linatuhusu sana sisi tunaosomea lugha za Kiafrika hapa Kivu ya Kaskazini, na linahusu zaidi ile kalamu yangu nyekundu.

Mtoto wa Stanleyville

Abeti alizaliwa tarehe 9 Novemba 1954 katika mji uliokuwa ukiitwa Stanleyville, leo Kisangani. Jina lake la kwanza lilikuwa Élisabeth Finant. Baba yake, Jean-Pierre Finant, alikuwa mwanasiasa wa chama cha Lumumba, na ndiye aliyekuwa rais wa kwanza wa serikali ya Jimbo la Mashariki baada ya uhuru. Mwezi wa Februari 1961, wiki chache tu baada ya kifo cha Lumumba, Finant naye aliuawa Bakwanga, mji tunaouita leo Mbuji-Mayi. Binti yake alikuwa na umri wa miaka sita. Baada ya hapo familia ilihamia Kinshasa, na huko ndiko Abeti alikokulia.

Kwa mtu wa isimu, mahali alipozaliwa si jambo dogo. Kisangani iko mpakani mwa lugha mbili kubwa: ukishuka na mto kuelekea magharibi unaingia katika Lingala, ukifuata barabara ya kuja huku kwetu, kupitia Nia-Nia, Mambasa na Komanda hadi Beni, unaingia katika Kiswahili. Kiswahili chenyewe kilifika pale na misafara ya biashara ya pembe na watumwa. Mwaka 1887 Tippu Tip, mfanyabiashara wa Zanzibar, alifanywa liwali wa Stanley Falls na serikali ya Leopold II. Kutoka mwaka huo hadi santuri ya kwanza ya Abeti ni miaka 86. Katika muda huo lugha iliyotoka pwani ilishazaa wajukuu, ikachanganyika na lugha za wenyeji, ikapata umbo ambalo watu wa pwani hawakulitambua tena vizuri. Wazungu wakaliita Kingwana. Wenye nalo waliliita, na wanaliita, Kiswahili.

Hata jina ambalo tunamjua nalo linaonyesha historia hiyo. "Masikini" ni jina la upande wa mama yake. Ni neno la Kiarabu ambalo Kiswahili sanifu hupendelea kuliandika "maskini", s na k zikifuatana. Ulimi wetu hauupendi mfuatano huo, unataka kila silabi iishie kwenye irabu: ma-si-ki-ni. "Abeti" nalo ni Élisabeth, au Betty, aliyevikwa nguo za Kibantu. Tukumbuke majira yenyewe: mwaka 1971 nchi iliitwa Zaïre, na mwaka 1972 siasa ya "authenticité" ya Mobutu iliwataka raia waache majina ya Kikristo na kuchukua ya mababu. Wengi walitafuta majina mapya katika lugha za vijijini. Abeti alikuwa na jina la mama, na jina hilo lilikuwa neno la Kiswahili.

Paris, 1973

Mwaka 1971 alishiriki mashindano ya waimbaji mjini Kinshasa, akashika nafasi ya tatu. Nafasi ya tatu si ushindi, lakini ilitosha: alionwa na Gérard Akueson, mtu wa Togo aliyekuwa msimamizi wa wasanii, ambaye baadaye akawa mumewe. Akueson alimpeleka kwanza Afrika Magharibi, kisha Ulaya. Mwaka 1973, akiwa hajatimiza hata miaka 19, Abeti aliimba katika ukumbi wa Olympia mjini Paris, ukumbi ambao waimbaji wa Ufaransa wenyewe waliuota. Mwaka uleule ikatoka albamu yake ya kwanza kwa msaada wa mbunifu wa mitindo Pierre Cardin, ambaye jina lake liliandikwa juu ya jalada kama mtu anayemleta mgeni mbele ya watu. Mwaka 1974 akapanda jukwaa la Carnegie Hall mjini New York. Mwezi wa Septemba wa mwaka huohuo alikuwa Kinshasa katika tamasha la Zaïre 74, lililotayarishwa sambamba na pigano la Muhammad Ali na George Foreman, pamoja na James Brown, B.B. King, Miriam Makeba, Franco na Tabu Ley. Rekodi za waimbaji wa Kiafrika waliopiga katika tamasha hilo zilikaa kabatini zaidi ya miaka 40, zikatolewa mwaka 2017, na Abeti yumo.

Katika ile albamu ya 1973 mna wimbo "Mutoto Wangu". Naomba msomaji asimame kidogo hapa. Santuri, au diski kama tunavyosema Butembo, haipiti tu kwenye kinywa cha mwimbaji. Kuna mtu wa kuandika majina ya nyimbo, mtu wa kupanga herufi, na kiwanda cha kuchapa majalada. Kwa kila mmoja wao neno lile lingeweza kusahihishwa. Halikusahihishwa. Likapita na "u" yake yote, likachapwa Paris, likauzwa. Mimi nililikata kwa wino mwekundu mjini Beni, mahali ambapo kila mtu analitamka.

Hiyo "mu-" ni nini hasa?

Wengi wetu tumelelewa na wazo kwamba "mutoto" ni "mtoto" iliyoharibika. Tukiangalia vizuri, mambo yako karibu kinyume. Lugha za Kibantu, kwa jumla, zina kiambishi cha ngeli ya kwanza chenye irabu: "mu-". Kinande chetu kinayo hadi leo: "omundu" ni mtu. Kiswahili cha pwani ndicho kilichoidondosha ile "u" mbele ya konsonanti, "m" ikabaki peke yake na kubeba silabi nzima. Kwa hiyo anayesema "mutoto" hajaongeza kitu kigeni. Ama amehifadhi, ama amerudisha kwa msaada wa lugha za jirani, kile ambacho pwani ilikiacha njiani. Sauti hii ilielezwa zamani na wataalamu waliokichunguza Kiswahili cha Kongo, kama Edgar Polomé aliyeandika juu ya Lubumbashi mwaka 1968, na katika miaka ya karibuni Nico Nassenstein aliyeandika juu ya Kisangani na Kivu. Hakuna aliyeiita kosa. Waliiita sifa ya lahaja.

Kwa mwimbaji kuna jambo la ziada. Ukihesabu mizani, "mtoto" na "mutoto" ni sawa: silabi tatu kila moja, kwa kuwa "m" ya pwani inahesabiwa. Lakini jaribu kuvuta noti ndefu juu ya silabi ya kwanza. Kwenye "m" midomo imefungwa, sauti inapita puani tu, unabaki kuguna. Kwenye "mu" kinywa kina mlango. Mwenye sauti kubwa kama ya Abeti, ambaye magazeti yalimwita chui jike mwenye kucha za dhahabu, alihitaji mlango huo. Sidai kwamba aliichagua "mu-" kwa sababu hiyo. Aliikuta kinywani mwa mama yake. Nasema tu kwamba lahaja yake haikumpunguzia kitu jukwaani, bali ilimpa irabu ya kushika.

Tusisahau pia neno la pili la jina hilo. Sokoni kwetu mtu husikia "mutoto wangu" na husikia pia "mutoto yangu", kwa kuwa katika Kiswahili cha Kongo upatanisho wa ngeli umelegea na "yangu" inafaa karibu kila mahali. Wimbo una "wangu", upatanisho kamili. Basi maneno mawili tu yanatuonyesha mtu wa kati: kiambishi cha nyumbani, upatanisho ambao hata mwalimu mkali wa Dar es Salaam angeukubali. Hivyo ndivyo watu wanavyosema kweli. Hakuna anayekaa mwisho mmoja wa kamba siku nzima.

"Naliku penda"

Albamu ya pili ilitoka mwaka 1975. Humo mna wimbo mwingine wenye jina la Kiswahili, ambalo mara nyingi huandikwa kwa maneno mawili: "Naliku penda". Kwa sanifu tungeandika neno moja, "nilikupenda". Tofauti ziko mbili, na kila moja ina somo.

Ya kwanza ni "nali-" badala ya "nili-". Mwanafunzi wa haraka atasema: kosa jingine. Lakini afungue Biblia ya Kiswahili iliyotoka mwaka 1952, ile ya Union Version ambayo bado inasomwa katika makanisa mengi, ataikuta "nali-" kila ukurasa. Ndilo umbo la zamani la wakati uliopita, na washairi wa pwani wanalitumia hadi leo wakitaka ladha ya kale. Kwa hiyo umbo ambalo kwetu linaonekana la mtaani, kule linaonekana la heshima. Inawezekana pia kwamba Lingala ilichangia kulitunza, maana katika Lingala "mimi" kwenye kitenzi ni "na-". Wimbo maarufu wa M'bilia Bel, "Nakei Nairobi", maana yake ni "nakwenda Nairobi". Kwa mtu wa Kisangani, anayeamka na Kiswahili na kulala na Lingala, "na-" inapata nguvu kutoka pande zote mbili.

Ya pili ni ile nafasi kabla ya "penda". Aliyeandika hivyo alihisi kwamba mzizi wa kitenzi ni neno linalojitegemea, na kwamba viambishi vyote vya mbele ni kundi jingine, kama Kifaransa kinavyotenga kiwakilishi na kitenzi. Ni mwandiko wa mtu aliyejifunza kuandika kwa Kifaransa na kusema kwa Kiswahili. Ukitembea Butembo ukasoma vibao vya maduka na maandishi ya nyuma ya magari, utauona mwandiko huo kila kona. Hili, tofauti na "mu-", naliona kweli ni jambo la kufundishwa shuleni, kwa sababu linahusu namna ya kuandika tu na halimgusi mtu ulimi wake. Nitarudi hapo.

Soko la Kinshasa

Katika albamu hiyohiyo ya pili mna pia "Likayabu". Hilo ni neno linalojulikana sana Kinshasa: samaki wa chumvi. Wimbo huo ulipendwa mno. Katika miaka iliyofuata majina ya Lingala yanazidi katika kazi zake, na ya Kiswahili yanapungua. Mwaka 1986 akatoa "Je suis fâché", soukous ya kuchezeka iliyovuma Afrika nzima, na jina lake ni la Kifaransa. Kwa njia, sarufi ya Kifaransa ingemtaka mwanamke aandike "fâchée", na e mbili. Kwa kuwa zote mbili hutamkwa sawa, na kwa kuwa lugha zetu za Kibantu hazina jinsia ya kiume na ya kike, nani angesikia tofauti? Sijakutana na mtu aliyeichukulia kalamu nyekundu.

Kwa nini Kiswahili kilipungua? Mtu anaweza kusema: kwa sababu Lingala ni tamu zaidi kwa muziki. Nimesikia hoja hiyo hata katika kumbi zetu za masomo. Siikubali. Historia inatoa jibu jingine. Lingala ilikuwa lugha ya jeshi tangu ukoloni, na Léopoldville ndipo zilipofunguliwa nyumba za kurekodi baada ya vita vya pili vya dunia: Ngoma, Opika, Loningisa. Mahali palipo na mashine, redio ya taifa na wanunuzi, lugha ya mahali pale ndiyo inayochapwa. Upande wa Kiswahili tulikuwa na waimbaji wakubwa: Jean-Bosco Mwenda wa Katanga, aliyerekodiwa na Hugh Tracey mwaka 1952, gitaa lake linasomwa na wapiga gitaa hadi leo. Tulichokosa ni nyumba za kurekodi zenye nguvu kama zile za mji mkuu.

Ushahidi bora wa hoja hii unatoka Nairobi. Samba Mapangala ni mzaliwa wa Matadi, magharibi kabisa mwa nchi, karibu na bahari, mahali ambapo Kiswahili si lugha ya watu. Alipofika Nairobi akaunda bendi yake, akaipa jina la milima yetu, Orchestre Virunga, na huko akaimba Kiswahili, kwa mfano katika "Vunja Mifupa". Mtu wa Matadi aliimba Kiswahili kwa sababu soko lake lilikuwa Nairobi. Mtu wa Kisangani aliimba Lingala kwa sababu soko lake lilikuwa Kinshasa. Utamu wa lugha haukuulizwa na yeyote.

Hapo ndipo ninapoiona ajabu ya mwaka 1973. Watazamaji wa Olympia hawakujua Kiswahili wala Lingala. Kwao zote zilikuwa sauti nzuri kutoka mbali. Kwa sababu hiyo hakuna aliyekuwa na sababu ya kumwambia Abeti aimbe lugha ya mji mkuu, wala ya kumwambia kwamba Kiswahili chake si sanifu. Nadhani Paris ilimruhusu kuwa mtu wa Kisangani kuliko Kinshasa ilivyomruhusu. Aliporudi kwenye soko la nyumbani, ilibidi asikike na watu wa nyumbani, na watu hao walikuwa wanasema Lingala. Simlaumu. Mwimbaji anayeongoza bendi yake, Les Redoutables, mwenye wapiga vyombo na wacheza ngoma wa kulipwa, hawezi kuishi kwa isimu.

Aliowaacha nyuma yake

Kundi la Abeti lilikuwa pia shule. M'bilia Bel, aliyezaliwa 1959, alianza kazi akiwa msichana mdogo nyuma ya Abeti, kabla ya kupita kwa Sam Mangwana na kuingia Afrisa ya Tabu Ley mwaka 1981. Lokua Kanza naye alipiga gitaa kwa Abeti kabla hajajulikana kwa jina lake mwenyewe. Ukitaka kulinganisha upande wa lugha, mwangalie Tshala Muana, aliyefariki Desemba 2022: yeye aliishikilia Tshiluba pamoja na mtindo wa mutuashi, akaifanya ipendwe hata na wasioielewa. Anatuonyesha kwamba mlango haukufungwa kabisa, bali ulikuwa mwembamba.

Na tukitazama mbali zaidi, Abeti ana nyanya katika lugha hii. Mwaka 1928 Siti binti Saad wa Zanzibar alisafiri hadi Bombay kurekodi nyimbo za Kiswahili. Mwanamke mmoja kutoka mahali Kiswahili kilipoanzia safari ya bara, mwingine kutoka mahali safari hiyo ilipofikia, na wote wawili walivuka bahari ili sauti zao zichapwe. Siti anafundishwa katika vyuo vya Afrika Mashariki kama sehemu ya historia ya lugha. Abeti, katika masomo niliyofuata mimi, hakutajwa hata mara moja.

Alifariki tarehe 28 Septemba 1994 huko Villejuif, karibu na Paris, akiwa hajatimiza miaka 40.

Basi tusahihishe nini?

Najua jibu ambalo baadhi ya walimu wetu watanipa, na ni jibu lenye uzito. Nchi yetu iliingia katika Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022. Mfanyabiashara wa Butembo anayevuka mpaka wa Kasindi, mwanafunzi wa Beni anayetaka kusoma vitabu vilivyochapwa Dar es Salaam au Nairobi, wote wanahitaji Kiswahili sanifu. Mtoto asiyekijua atafungiwa milango. Nakubaliana na hayo yote. Makala haya yenyewe nimeyaandika kwa sanifu, kadiri nilivyoweza, ili yasomwe hapa na pwani.

Ninachokataa ni kuchanganya vitu viwili. "Naliku penda", kwa maneno mawili, ni suala la tahajia. Mwalimu ana haki ya kuonyesha kanuni, na mtoto hapotezi kitu kwa kuijifunza. "Mutoto" si tahajia, ni sauti ya kwao. Nilipoikata kwa wino mwekundu bila neno lolote la maelezo, niliwaambia watoto thelathini na zaidi kwamba mama zao wanasema vibaya. Nao wakanijibu kwa namna bora kuliko insha yoyote: wakaandika nilivyotaka, wakasoma kama wanavyosema.

Ningewezaje kufanya vizuri zaidi? Naona njia rahisi. Kuacha "mutoto" bila kuikata, kuandika kando yake "mtoto", na kueleza kwa sentensi moja: hivi tunasema sisi, hivi wanaandika vitabuni, jueni zote mbili. Mtoto wa miaka saba anaelewa hilo. Tayari anajua kwamba nyanya yake anasema Kinande, jirani Kiswahili, askari wa kizuizini Lingala na mwalimu mkuu Kifaransa. Mwenye lugha nne hatashindwa na "u" moja.

Kwa kitivo chetu nina ombi dogo. Katika nyumba nyingi za Butembo na Beni bado kuna kaseti na santuri za miaka ya 1970 na 1980, zinakula vumbi juu ya makabati. Wenye kumbukumbu ya kuzinunua wanazeeka. Tunapofanya kazi za lahaja tunatafuta watu wa kuwahoji, na tunasahau kwamba kuna sauti zilizokwisha kurekodiwa, zenye mwaka na mahali pa kuchapwa, ambazo zinaweza kutuambia watu walisema nini nusu karne iliyopita. Kazi moja ya mwisho wa masomo inayoorodhesha nyimbo za Kiswahili cha Kongo, na kuandika matamshi yake kwa uangalifu, ingetufaa sote.

Nilipomsomea mama mkubwa rasimu ya makala haya, alisikiliza mpaka sehemu ya kiambishi cha ngeli, akachoka. Akasema, huku akikunja kitenge: "Ule alikuwa anaimba sawa vile tunasemaka." Nikaandika sentensi hiyo kama ilivyo. Angalieni "-ak-" iliyo ndani ya "tunasemaka": ni alama ya jambo la kila siku, ambayo sanifu haina kwa umbo hilo. Mwaka jana ningeikata.